Nyuki Wamerudi kwa Baba Chelimo

Mama Chelimo mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu kutoka hapa Kapsoya, ambapo leo ukungu ulikaa juu ya mabati mpaka watoto wa shule wakapita kama sauti tupu, huoni mtu. Habari ya siku nyingi? Goti lako la kushoto linasemaje huko Australia? Na presha, bado unaipima ama umeiacha ijipime yenyewe, kama ulivyokuwa ukinisema mimi? Wajukuu wanakubali ugali ama wanautazama tu? Sisi huku ni wazima, Mungu ametutunza. Duka linaendelea. Njoki wangu alipata kazi Nakuru, na akija nyumbani kazi yake ni kunikumbusha kwamba nimezeeka.

Utashangaa kuona barua yako imeanikwa mahali kila mtu anaisoma. Nisamehe kwa hilo. Namba yako ya zamani inaniambia haipo. Ya Chelimo inaita, halafu inanyamaza. Kwa hivyo mwenyekiti wa kundi letu la kutembea amekubali kuiweka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa ile njia yetu ya msituni, pale ambapo watu wa Eldoret walio ng'ambo huja kuangalia picha za msitu na kuandika ati wamekumbuka nyumbani. Huenda mmoja wao anakujua na atakupelekea. Wengine wakisoma si neno, hakuna siri hapa. Nitaeleza polepole hata yale unayoyajua, ili watu wasije wakaniuliza maswali dukani.

Jambo lenyewe ni hili. Nyuki wamerudi kwenye mzinga wa marehemu Baba Chelimo, kopo letu likiwa ndani, na hakuna mtu anayetaka kuugusa mpaka wewe useme neno.

Wacha nianze mwanzo.

Unakumbuka tulivyoanza kutembea? Yule nesi wa kliniki alitupima siku moja, wewe kwanza, mimi nyuma yako, akatutazama kama mtu anayetazama sufuria mbili zinazofurika. Akasema tutembee. Basi kila Jumamosi asubuhi tukawa tunavaa gambuti na sweta, tunaingia ile njia ya miguu ya jamii inayoanzia nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa, inashuka mtoni, inafuata mto, halafu inapanda kwenye msitu wa zamani. Tulikuwa tunatembea hatusemi kitu, tunahema. Wewe ulikuwa mwalimu wa nasari na ulizoea kutembea ukisukuma watoto mbele. Mimi nilizoea kusimama nyuma ya kaunta. Hakuna aliyekuwa akifurahia.

Ndipo Chelimo akaja likizo. Alitutazama tukirudi siku moja, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mummy, nyinyi mnatembea kama watu wanaenda matanga."

Akatuwekea ule mchezo kwenye simu. Wenyewe wanauita geocaching. Sisi ulimi ulikataa, tukauita kopo. Chelimo akaeleza: kuna watu dunia nzima wanaficha masanduku madogo na makopo, wanaandika mahali yalipo kwenye ramani ya simu, na mtu mwingine asiyewajua anafuata simu mpaka anayapata. Akipata anaandika jina lake kwenye kijikaratasi kilicho ndani, anarudisha vile alivyokuta, anaenda zake. Akitoa kitu, anaweka kingine. Na wasiocheza wasijue.

Ukamuuliza, "Na mtu anapata nini?"

"Anapata kuandika jina, mummy."

"Mimi nimeandika majina kwa rejista miaka yangu yote, na hakuna siku nilifurahi."

Lakini Jumamosi iliyofuata wewe ndiye uliyegonga mlango wangu kabla sijafungua duka, simu iko mkononi, umevaa kofia ya Baba Chelimo. Ukaniambia kuna kopo kule juu penye mitarakwa na lazima tulipate kabla jua halijatoka vizuri, kwa sababu jua likitoka huoni kioo cha simu. Kumbe ulikuwa umelala ukiisoma ile ramani.

Siku hiyo nitaikumbuka hata nikiwa mbinguni, kama kule kunakumbukwa mambo ya kuchekesha. Simu ilitwambia tumekaribia, halafu tukiingia chini ya miti mikubwa ikachanganyikiwa. Mara inasema ni kulia, mara inasema tumelipita, mara inataka tuingie mtoni. Tukapiga magoti, tukaanza kupapasa chini ya mizizi, wewe na kofia ya marehemu, mimi na leso ya kanisa kichwani. Ndipo Kosgei akatokea. Wakati huo hatukumjua kwa jina, tulimjua tu kama askari wa msitu, yule mrefu asiyecheka.

"Akina mama, mmepoteza nini?"

Ukajibu haraka haraka, "Pete!"

"Pete gani na yako iko kidoleni?"

Ukanitazama. Mimi sikuweza kudanganya, na tulikuwa tumetoka kusali. Nikasema, "Tunatafuta kopo."

"Kopo la nini?"

"Hatujui."

"La nani?"

"Hatumjui."

"Na mkilipata?"

"Tutalirudisha hapo hapo."

Kosgei akatutazama, wewe, mimi, wewe tena. Akauliza kwa upole kabisa, "Na nyumbani wanajua mko hapa?"

Ulicheka mpaka ukashika mti. Alipoelezwa vizuri akainama, akasogeza jiwe moja kwa kiatu, na kopo likawa hapo. Ulikuwa umepiga goti juu yake. Tukaandika majina yetu, Mama Chelimo na Mama Njoki, Kapsoya. Kosgei naye akaomba kalamu. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa kama mtu anayetia sahihi ya shamba.

Tangu hapo tukawa watu wengine. Tulikuwa tunaongea sasa. Ulinieleza mambo ya Baba Chelimo, jinsi alivyotoka kwao Keiyo na mizinga yake mitatu kabla hata hajakuwa na kitanda. Mimi nilikueleza ya kwetu Timboroa, jinsi mama yangu alivyokuwa akitutuma kuchuma njegere na baridi imeganda kwenye majani mpaka vidole vinakataa kukunjuka. Tulikuwa majirani miaka mingi, tunakaa benchi moja kanisani, na hayo yote hatukuwa tumeyasema. Ilibidi tupewe kitu cha kutafuta ndipo tukaanza kusikilizana.

Wewe ulikuwa na wivu wa mchezo, lazima niseme. Tukifika na kukuta mtu mwingine ameandika jina asubuhi hiyo hiyo, unanuna mpaka mtoni. "Huyu hata hakutembea, amekuja na boda."

Ndipo ukataka tuwe na kopo letu wenyewe. Uliliosha, lile la plastiki lenye kifuniko cha kubana, ukalikausha juani, ukaweka penseli na karatasi. Nilidhani utalificha chini ya daraja. Ukanipeleka mahali njia inapopinda chini ya mzeituni mwitu mkubwa, ule wenye panda iliyoinama mpaka kifuani pa mtu. Kwenye panda hiyo kumelala mzinga wa gogo. Niliuona kila Jumamosi na sikuwahi kuuliza.

"Ni wa Baba Chelimo," ukasema. "Aliuweka kabla hii njia haijakuwa njia. Ng'ombe ndio walikuwa wanapita hapa."

Mzinga ulikuwa umekauka, nyuki walikuwa wamehama zamani. Kwenye ubavu kulikuwa na alama yake aliyochoma kwa chuma cha moto, mistari miwili na kijiduara. Ukafungua ubao wa nyuma, ukaingiza kopo, ukafunga. Nikakuuliza kama watu hawataiba. Ukanitazama kama ulivyokuwa ukiwatazama watoto wako wa nasari.

"Mama Njoki, kwetu mtu hafungui mzinga wa mwingine. Hata mwenyewe akiwa mbali. Hata akiwa amekufa. Wakiona hiyo alama, hakuna mkono utaingia hapa. Hii ndiyo sefu."

Ukarudi nyumbani umefurahi sana. Na mimi nilifurahi, kwa sababu sikuwa nimefikiri. Wala wewe hukuwa umefikiri. Mchezo wenyewe ni watu waingize mkono!

Basi tukangoja majina. Wiki zikapita. Tunafungua, karatasi nyeupe. Mgeni mmoja kutoka Kisumu aliandika, halafu wazungu wawili wenye mikoba mikubwa, basi. Watu wa hapa hapa, wale walioanza kutembea nasi, wale Chelimo aliowafundisha mchezo, hakuna. Ulianza kusema kopo letu limelogwa, halafu ukaomba msamaha kwa Mungu kwa kusema hivyo. Mwishowe nikamuuliza Kosgei njiani.

"Kosgei, wewe umelitafuta kopo la Mama Chelimo?"

"Nimelipata siku ya kwanza."

"Mbona hujaandika jina?"

"Liko kwa mzinga wa mtu, mama. Nimefika hapo, nimeona alama, nimesalimia, nimeenda. Wote tunafika hapo. Tunasalimia tunaenda."

Nilipokwambia ulikaa kwenye jiwe ukafunika uso. Nikadhani unalia. Ulikuwa unacheka.

Na jinsi ulivyolimaliza jambo hilo ndiyo inayonifanya niandike leo. Siku ya kupanda miti, watu wote wa njia wakiwa wamekusanyika na majembe, uliwaita mpaka chini ya mzeituni. Ukaweka mkono juu ya ile alama. Ukasema kwa sauti ya darasani, "Mimi ni mke wa mwenye mzinga huu. Ameniachia mimi. Mtu yeyote anayekuja na mkono safi nimemfungulia. Atoe kopo, aandike, arudishe. Nimesema." Watu wakaitikia. Kosgei akatangulia, akavua kofia kwanza, kisha akaingiza mkono. Jioni hiyo karatasi ilijaa, tukaongeza nyingine.

Mimi si mtu wa mizinga, mimi ni mtu wa viazi na njegere. Lakini siku hiyo nilielewa kwamba kuna mlango hapa unaofunguliwa kwa sauti ya mtu na si kwa ufunguo. Niliuheshimu, na bado nauheshimu.

Halafu safari yako ikaja. Chelimo alikuwa anakaribia kujifungua na alikuhitaji. Ulisema ni ya muda tu. Siku ya mwisho tulitembea njia yote bila kuangalia simu. Pale kwenye mzeituni ukatoa mfukoni miwani ya Baba Chelimo, ile ya mguu mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi. Nikashangaa.

"Huko kwa Chelimo watoto wataivunja," ukasema. "Na nikiiacha kwa nyumba, nitaiachia nani? Wacha ikae kwake. Asome majina ya watu wanaoingia."

"Na mtu akiichukua? Sheria si ni mtu anaweza kutoa kitu akaweka kingine?"

"Miwani ya mtu mwingine ni ya nini? Utavaa macho ya marehemu?"

Ukasema, "Weka na wewe." Sikuwa nimebeba kitu. Nikakata kifungo cha koti langu la kijani, kile cha pili kutoka juu, kile ulichokuwa ukinishonea kila kikilegea huku ukinigombeza kwamba mtu mwenye duka hawezi kukosa sindano. Nikakiweka kando ya miwani. Tukasali. Ulisema utakishona ukirudi. Nilisema sawa.

Koti bado halina kifungo, Mama Chelimo. Ninalivaa hivyo hivyo. Upepo ukiingia ninafunga leso.

Mwanzoni ulikuwa unatuma ujumbe wa sauti kwa simu. Ulinieleza juu ya upepo wa huko, na jinsi watu wanavyotembea na mbwa kama watoto, na kwamba umepata kopo karibu na kanisa lenu lakini hukulifurahia kwa sababu ulikuwa peke yako. Hiyo niliisikiliza mara nyingi. Halafu sauti zikawa fupi. Halafu hakuna. Sikulaumu, na nataka uniamini. Mtoto mchanga anajua kumeza siku ya mtu yote. Pia najua mtu akikaa mbali, kila siku anayochelewa kuandika inafanya barua kuwa nzito zaidi ya jana. Mimi mwenyewe nina dada yangu kule Chepsaita, ni hapa tu karibu na Turbo, na tumewahi kumaliza mwaka bila kuonana.

Kuna watu wameingia kwa nyumba yako. Walipaka geti rangi ya samawati na wana mbwa mkubwa. Sikuwauliza kama wamekodi ama wamenunua. Wanakuja dukani, nawauzia maziwa na mkate, nawaambia karibuni tena. Kama ningewauliza wangenijibu, na sikutaka kulisikia jibu hilo kutoka kwa mtu anayenunua mkate.

Sasa nyuki.

Mvua ilipoanza na miti ikatoa maua, niliona kwenye simu mtu ameandika chini ya kopo letu na kuweka ule uso wa huzuni, ule wa kuonyesha hukupata. Ameandika, "Nyuki wengi. Sikungoja kuhesabu." Nikacheka. Wiki iliyofuata, uso mwingine wa huzuni. Halafu msichana mmoja wa chuo akaandika ameumwa sikioni na kwamba mwenye kopo hili ana roho mbaya. Nikaenda kujionea.

Nilisikia kabla sijaona. Ile sauti ya chini, kama watu wengi wanaosali kimoyomoyo chumba cha pili. Walikuwa wanaingia na kutoka kwa kile kitundu cha mbele, wamejaa, wana haraka, miguu ya njano kwa vumbi la maua. Mzinga uliokauka miaka hiyo yote! Nilisimama mbali. Kosgei akaja akasimama nami.

"Wamerudi kwa mzee," akasema. Akavua kofia.

Sitasema ni Mungu aliyewatuma. Mimi si nabii, nimesoma mpaka darasa la nane tu. Nyuki wanahitaji mahali pakavu, na mzinga ule ni mkavu. Lakini nilimshukuru Mungu hata hivyo, kwa sababu kumshukuru hakuhitaji kujua sababu yote. Nilifikiria ile miwani huko ndani, gizani, nyuki wakiipita juu juu. Pengine sasa wameshaijengea sega. Na kifungo changu pia.

Furaha haikukaa. Kamati ya njia, ya kundi letu hilo la kutembea, iliita mkutano pale kwenye kibanda cha miche. Shule zinaleta watoto kujifunza miti, na mzinga uko kifuani pa mtu, mahali njia inapopinda. Mwenyekiti alisema lazima kitu kifanyike kabla shule hazijafunguliwa. Kijana mmoja wa kamati akasema, "Si mzinga tu? Tupige moshi usiku, tuutoe, tuupeleke mbali, asubuhi iko sawa."

Kosgei akauliza, "Moshi atapiga nani?"

"Wewe. Si wewe ndiye unajua nyuki?"

"Najua. Na najua huo si wangu."

"Mwenyewe si amekufa?"

"Ameacha mke. Mke alisimama pale pale akasema anatufungulia tuchukue kopo. Hakusema tuhamishe. Hakusema tutoe asali."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Njoki, wewe ndiye rafiki yake. Wewe toa ruhusa tumalize."

Watu wote wakanitazama. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, Mama Chelimo. Kila mtu angeenda nyumbani kunywa chai. Nikasema, "Mimi ni jirani. Mimi si wa nyumba ile." Kijana akasonya. Kosgei akaitikia kwa kichwa tu, lakini najua aliridhika, kwa sababu siku hizi akipita dukani ananisalimia kwa kuvua kofia.

Alipiga simu mpaka kule Keiyo kwa ndugu za Baba Chelimo. Wakamwambia mzinga ulibaki kwako, wewe ndiye mwenye neno, wao hawawezi kulisema kwa niaba yako. Wakamsalimia, wakakata. Basi tumekaa hivyo. Kwa sasa wamefunga kamba kuzunguka mti na kuweka kibao, watu wanapita kwa kuzungukia juu kwenye matope na wananung'unika.

Na upande wa simu pia kuna mambo. Kopo letu limewekewa alama ya spana nyekundu, maana yake mwenyewe aje alitengeneze. Halafu mtu anayesimamia mchezo ameandika, kwa heshima, kwamba mwenye kopo asipojibu kufikia mwisho wa mwezi huu litaondolewa kwenye ramani. Nilijaribu kumjibu mimi. Akaniandikia asante, lakini lazima awe mwenyewe. Nilikaa nikaisoma ile tena na tena. Huyo mtu sijui yuko nchi gani, hajawahi kumwona Kosgei wala wale ndugu wa Keiyo, na wote wamesema neno moja.

Kwa hivyo sina njia nyingine ila kukuandikia.

Ukisema mzinga ubaki hapo, Kosgei amekubali yeye mwenyewe kuchimba njia mpya izunguke mti kwa mbali. Vijana watamsaidia, wakipenda wasipende. Kopo litatoka kwenye ramani, kwa sababu hakuna atakayeandika jina huko, lakini litabaki kwake pamoja na miwani. Ukisema uhamishwe, Kosgei atauhamisha jinsi ulivyo, usiku wa baridi, mdomo umezibwa kwa matambara, mpaka nyuma ya duka langu penye ua wa mikaratusi. Nimeshamwambia Njoki akija asianike nguo upande huo. Ukisema ufunguliwe, tutaufungua, tutatoa kopo, na miwani nitakutumia popote ulipo kwa mkono wa mtu anayesafiri. Asali nitaipeleka kanisani.

Sitakuchagulia. Nimeomba sana nisiwe na upande, na kwa sehemu kubwa nimejibiwa. Lakini wewe unanijua, kwa hivyo wacha niseme wazi. Ukisema ufunguliwe na miwani itumwe, nitaelewa kwamba hurudi, na hutahitaji kunieleza zaidi ya hapo. Hakuna atakayekuhukumu, mimi wa mwisho. Mtu anaweza kuzeekea popote alipo mjukuu wake. Nitaendelea kutembea Jumamosi. Kifungo nitakishona mwenyewe, sindano ninazo, nimekuwa nazo siku zote. Nilikuwa napenda tu ukinigombeza.

Usihofu kwamba umekaa kimya sana. Huku hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Nyuki nao walikaa mbali miaka mingi, na waliporudi Kosgei alivua kofia tu.

Ombi langu ni moja. Kwa simu andika neno ambalo yule msimamizi anataka. Lakini kwetu tuma sauti, usitume maandishi. Kosgei amesema lazima asikie ni wewe. Hata kama ni fupi. Tutakusanyika chini ya mzeituni, nje ya kamba, mwenyekiti, yule kijana wa kusonya, wote. Nitainua simu juu kabisa, sauti nitaifungua yote, ili useme mbele ya mzinga wenyewe na wote wasikie, walio nje na walio ndani.

Namba yangu haijabadilika, ni ile ile ya dukani. Tafadhali jibu mapema, kabla mwezi haujaisha.

Mungu akulinde, akulindie na Chelimo na watoto.

Ni mimi, mwenzako wa Jumamosi,
Mama Njoki